Vyai viwili na samaki aliyeshinda kombolela

Juzi Jumamosi nilikuwa kwa fundi baiskeli pale Ngamiani, Tanga, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Tairi la nyuma limepata pancha. Fundi katoa tyubu, kaijaza upepo, anaizamisha kipande kwa kipande kwenye beseni la maji akitafuta tundu. Mwanangu wa miaka minne kachuchumaa pembeni, kidevu nusura kiguse maji. Mapovu yakatoka. Akainua uso, macho yamemtoka, akatutangazia sote: mimi, fundi, wazee wawili waliokuwa kwenye bao na mama wa mihogo aliye ng'ambo ya barabara.

"Baba! Tairi linajamba!"

Fundi alicheka mpaka tyubu ikamponyoka. Mzee mmoja alipoteza hesabu ya kete zake, na nina hakika aliyekuwa akifungwa alishukuru. Mimi nikakunja uso. "Ah! Maneno gani hayo?" Mtoto akanitazama mimi, akaitazama tyubu, akanirudia mimi, kwa uso wa mtu aliyeleta taarifa sahihi na hajaaminiwa. Na taarifa yenyewe ilikuwa sahihi. Upepo ulikuwa unatoka mahali usipotakiwa kutoka, kwa mlio na mapovu. Ukiitoa adabu pembeni, sioni alipokosea.

Nilikuwa nacheka tumboni, ndilo linalonisumbua. Watu wanne wazima walilifurahia neno lile hadharani, na aliyelazimika kujifanya hakulifurahia ni baba yake peke yake. Nimejiuliza tangu siku ile ni nani aliyenipa kazi hiyo.

Methali ndizo mtuhumiwa wa kwanza. Ukicheka na nyani utavuna mabua. Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumelelewa nazo na tunalea kwazo, lakini zipange pamoja uone: mtoto ni nyani, mtoto ni mbwa, mtoto ni samaki, na pale alipobahatika kuwa mtoto, analizwa. Mzazi katika methali hizi ana mikono tu, ya kukunja, ya kufukuza, ya kushika fimbo. Masikio hana.

Tuzitendee haki lakini. Nyani wa kwenye methali ni nyani kweli, yule anayeshuka shambani mahindi yakianza kukomaa, na mwenye shamba huko Muheza au Korogwe akikaa anamtazama vituko vyake badala ya kumfukuza, atavuna mabua bila mzaha. Ni maneno ya mlinzi wa shamba. Sisi ndio tuliyachukua tukayaleta sebuleni, tukamvisha mtoto ngozi ya nyani.

Ushairi wetu wa malezi nao umekaa hivyo hivyo. Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake asogee na wino na karatasi ampe wasia. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga mwaka 1909, naye aliwaandikia wanawe, binti utenzi wake na mvulana utenzi wake. Ni mali ambayo siibadilishi na kitu. Ila kila ninapozisoma najikuta namfikiria yule binti aliyeleta wino. Alisema nini? Aliuliza nini katikati ya beti zote zile? Haiwezekani mtoto aketi muda mrefu kiasi hicho asiulize jambo moja la ajabu. Kama aliuliza, halikuandikwa.

Mtuhumiwa wa pili ni mama yangu mzazi, na huyu nimemhoji.

Mama alitulea kwa jicho. Akikukata jicho mbele ya wageni, unajua wageni wakiondoka usiku utakuwa mrefu. Leo anaishi nasi Makorora na amekuwa mtu mwingine kabisa. Mwanangu anamwita "mke wangu", naye anamwita "mume wangu", kama ilivyo ada ya bibi na mjukuu pwani nzima. Mwezi uliopita alimkalia kooni: "Mume gani wewe, hata sabuni huleti?" Mtoto akaondoka kimya, akaenda bafuni, akarudi na kipande cha sabuni kilichobaki kama ukucha, kinachuruzika maji. "Matumizi haya." Mama alicheka ameshika ukuta, upindo wa kanga mdomoni.

Nikamuuliza: "Mama, mbona sisi hukutuchekea hivi?"

"Nyinyi mlikuwa kazi," akasema. "Huyu ni mume wangu."

Nikadhani yameisha. Baadaye, anapepeta mchele, akasema bila kuinua kichwa: "Nilikuwa nacheka. Nilikuwa naingia jikoni."

Sentensi hiyo imenikaa. Kumbe zile safari zote za jikoni, katikati ya kesi, tumesimamishwa ukutani tunasubiri hukumu, alikuwa anakwenda kucheka. Kicheko kilikuwamo nyumbani siku zote ila kilifichwa, kama sukari inavyofichwa watoto wasiione.

Sababu yake ninaielewa. Bibi ana leseni. Utani ni taasisi yenye kanuni zake, ina nani na nani, wapi na kwa kiasi gani, na haivunji heshima kwa sababu kila mtu anajua mipaka ilipo. Mzazi hakupewa leseni hiyo. Yeye ndiye atakayeulizwa mtoto akiharibika. Bibi hatashitakiwa na mtu. Lakini tazama utani ulipofika kwetu. Mtani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, na waliofiwa wakacheka na machozi mashavuni, na hakuna anayesema marehemu kadharauliwa. Watu tulioweza kukitafutia kicheko nafasi msibani, tunashindwaje kukitafutia nafasi kwenye mkeka wa chakula cha jioni, baba na mama wakiwapo?

Mimi hoja yangu si kwamba kucheka ni dawa. Hayo waulizwe madaktari. Ninachosema ni kwamba mzazi anayeingia jikoni kila mara anakosa kitu cha kuona. Maneno ya mtoto yanayotuchekesha, mengi si upuuzi, ni akili yake ikifanya kazi na mlango wa karakana uko wazi.

Chukua suala la chai. Jioni moja mke wangu alituletea chai, mimi na mtoto, kwenye vikombe vya bati. Mtoto akahesabu kwa kidole, akanijulisha: "Baba, vyai viwili."

Dada yake wa miaka saba akaanguka chali kwa kicheko. "Chai haina wingi!" Kwa nini haina? "Mwalimu kasema."

Sasa mfuate mdogo taratibu. Amesikia chakula, vyakula. Chombo, vyombo. Choo, vyoo. Chandarua, vyandarua. Hakuna aliyemkalisha kumfundisha ngeli; hajui kusoma, hajui kwamba neno ngeli lipo. Ameiokota kanuni mwenyewe, jikoni na uani, kutoka kwenye maneno yaliyokuwa yakimpita juu ya kichwa. Kisha akakutana na chai, neno lenye asili ya Uchina lililozunguka Asia mpaka likatufikia, akalipitisha kwenye kanuni ile ile kama ofisa wa forodha asiyepokea rushwa. Vyai. Alilokosa ni taarifa kwamba wakubwa tuna orodha ya maneno tuliyoyasamehe.

Nikarudi kichwani kwa fundi wetu wa Ngamiani. Siku ile ile ya pancha aliniambia, "Digadi lako la nyuma limepinda." Tanga mji wa baiskeli, hakuna asiyejua digadi ni nini. Lakini Waingereza walioleta kitu hicho wanakiita "mudguard", na hicho ni kimoja. Sikio la Mswahili likasikia "ma" mwanzoni, likasema: aa, haya ni mengi, kama matairi, kama magurudumu. Madigadi. Basi yakiwa mawili ni madigadi, moja litakuwa nini? Digadi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kipilefti, ambacho kwa Waingereza ni amri ya dereva kushika kushoto. Sisi tukasikia "ki", na leo miji yetu ina vipilefti. Hata kitabu ni hivyo. Waarabu wakizidisha kitabu wanasema "kutub". Sisi hatukuwangoja, tukasema vitabu, na kila shule nchini inavigawa vitabu bila aibu yoyote.

Hakuna kikao kilichoitishwa. Walioifanya kazi ile ni mafundi, madereva, wachukuzi na makarani, kila mmoja na shughuli zake, na walifanya kile kile alichokifanya mwanangu mbele ya kikombe cha bati. Wao tuliwaachia, yeye akachekwa na dada yake. Sijamsahihisha. Najua mwaka ujao ataniambia mwenyewe kwamba chai haina wingi, kwa sababu mwalimu kasema, na siku hiyo nitakuwa nimepoteza kitu.

Wa miaka saba naye ana yake. Shuleni wamefundishwa kusoma saa ya mishale. Asubuhi moja akasimama chini ya saa ya ukutani: "Baba, saa ngapi?" Saa mbili. "Mbona mshale uko kwenye nane?" Nikamweleza tulivyo. Tanga iko karibu na ikweta, nyuzi kama tano tu kusini yake, jua linachomoza wakati karibu ule ule mwaka mzima, kwa hiyo wazee wetu waliona siku ianze kuhesabiwa jua likitoka na si usiku wa manane watu wamelala. Saa ya dukani imetengenezwa na watu wengine, ndiyo maana tunatazama nambari ya upande wa pili. Akasikiliza vizuri. "Sasa kwa nini hatukuigeuza tu?"

Nikafungua mdomo, sikuwa na jibu. Tukaishusha saa, tukaitundika kichwa chini miguu juu. Kweli, mshale mfupi ukaelekea pale inapokaa mbili. Tukapeana mikono. Kisha yeye, si mimi, akaona: mshale mrefu uliokuwa juu sasa uko chini, na saa mbili kamili imekuwa kama saa mbili na nusu. Mfupi umekuwa Mswahili, mrefu umeharibika. Ilibaki hivyo siku mbili, mpaka bibi yao alipoikuta, akauliza nani kairogea nyumba.

Nisije nikaonekana nahubiri. Siwaamini sana wanaotuambia tufurahie kila dakika ya ulezi. Mtoto akiwa na homa na ada haijalipwa, swali la mia moja ni swali la mia moja, halina maajabu yoyote, na mzazi akisema "hebu ninyamazie kidogo" hajatenda dhambi. Kuna wanaoamka saa kumi alfajiri kuchoma maandazi, wakirudi jioni wamechoka hata kutafuna. Kuwaambia watu hao wanakosa kitu nyumbani kwao ni ufedhuli. Ingawa mama wa mihogo, ambaye sijui analala saa ngapi, ndiye aliyeniuliza Jumatatu napita na baiskeli: "Vipi Baba Fulani, tairi limepona tumbo?" Ameshasahau jina langu. Tangu nipate watoto mtaa mzima umelisahau.

Na methali ya nyani ina ukweli wake, niliupata kwa gharama. Baada ya siku ile ya pancha nilisimulia kisa nyumbani, watu wakacheka. Akaja mjomba wao, nikamwita mtoto: "Hebu mwambie mjomba tairi lilifanyaje." Akasema. Mjomba akacheka. Akaja jirani, nikamwita tena, safari hii nimeshika simu narekodi niweke stetasi. Akasema, lakini sauti imepoa, macho yako kwenye simu. Hakucheka mtu sana. Basi akaanza kutafuta kicheko mwenyewe. Kabati linajamba. Mlango unajamba. Bibi anajamba. Alipofika kwa bibi nikaizima simu. Kule kwa fundi alikuwa ameona jambo akalisema. Hapa alikuwa anatafuta wateja, na aliyemfungulia duka ni mimi. Hapo ndipo nyani alipoingia shambani, na aliyemshika mkono kumwingiza anajulikana. Stetasi sikuiweka. Nawaona wenzangu wanaowaweka watoto wao kila siku na sitaki kuwasema, lakini nawatazama wale watoto machoni, na wengi wanatazama simu.

Kwa hiyo nimejiwekea mpaka. Neno la mtoto nacheka linapotoka, pale pale, kisha naliacha. Lisirudiwe kwa kuagizwa. Na swali lake nikiweza nalijibu kwa ukweli, hata likinichukua muda. Tulipokwenda kwenye mapango ya Amboni mdogo aliwaona popo akataka kujua mbona hawachoki kuning'inia. Nilikaa na swali hilo siku kadhaa mpaka nikasoma kwamba kano za vidole vya popo hujifunga kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, hajishikilii, kakwama. Kuachia ndiko kunakomtaka nguvu. Nilipomweleza, akaenda kujaribu kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kamba ilikatika. Ilikuwa ya nguo za shule.

Samaki waitwao silikanti nao walifika kwetu usiku mmoja umeme umekatika, na mimi nimeishiwa hadithi za sungura. Nikawaambia: katika bahari yetu hii kuna samaki ambaye jamaa zake wamo kwenye mawe ya miaka kama milioni 400. Wataalamu waliamini kwamba walikwisha wote zama moja na dinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Halafu mwaka 1938 mmoja akavuliwa Afrika Kusini, mzima, mbichi. Na miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kuwanasa kwenye jarife, hadi mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo, kutoka kaskazini ya jiji hadi mdomo wa mto Pangani. Ni samaki asiyekunjika kirahisi, huyo.

Kimya gizani. Kisha mkubwa: "Nani aliwaambia wamekufa?"

"Wataalamu."

"Wao samaki walijua kwamba wamekufa?"

Nikasema nadhani hawakuarifiwa. Mdogo, ambaye nilidhani kalala, akauliza wanakaa wapi mchana. Nikamwambia ukweli: chini sana, kwenye giza, wanajibanza mapangoni na kutoka usiku kutafuta chakula. Akafikiri.

"Walikuwa wanacheza kombolela."

Sikuingia jikoni. Nilicheka pale pale, mama yao akacheka, bibi akacheka kutoka chumbani kwake ambako alikuwa amelala tangu saa tatu kwa madai yake mwenyewe. Mtoto hakuwa anatania lakini. Alitaka kujua kama katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyechungulia. Nikasema inaonekana hakuna. "Basi wameshinda," akasema, kwa heshima ambayo sijawahi kuisikia akinipa mimi.

Jumapili tukaenda Raskazone. Maji yalikuwa yamekupwa, upepo mdogo, kisiwa cha Toten kimekaa mbele yetu. Mdogo akatembea mpaka maji yakamfika magotini, akaweka viganja mdomoni kama wanavyofanya mtaani mchezo ukishaisha na mmoja bado yuko mafichoni.

"Tokeniii! Tumeshindwaaa!"

Mzee mmoja alikuwa anapita na baiskeli, kafunga nyavu nyuma. Akashusha mguu mmoja chini. "Anamwita nani?"

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kumnyamazisha mtoto. Nikaushusha. "Silikanti."

Mzee akaitazama bahari, akamtazama mtoto, akaitazama bahari tena.

"Mwambie aite kwa nguvu," akasema. "Wako chini sana wale."